Msukumo wa Pampu Ndogo

Kila chombo chenye nguvu kina mtumishi wake mdogo. Jahazi husifiwa kwa tanga lake, lakini pasipo henza tanga hilo ni furushi la nguo. Kisima husifiwa kwa maji yake, lakini pasipo kamba maji hayo hayamfikii mwenye kiu. Lori la dizeli limo katika hali iyo hiyo. Mtu asimamaye kando ya njia akaliona likipanda mlima na tani kumi mgongoni husifu injini. Mwenye maarifa zaidi kidogo husifu pampu kubwa ipelekayo mafuta kwenye nozeli. Ni nadra kumsikia mtu akiitaja pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini, isiyozidi ukubwa wa ngumi, ambayo kazi yake ni kuyavuta mafuta kutoka katika tangi na kuyafikisha kwa pampu kubwa. Insha hii ni juu ya pampu hiyo, juu ya msukumo wake, na juu ya namna ya kuuchunga, kama nilivyoyaona mambo hayo katika njia ya Karatu na Ngorongoro.

Yamkini msomaji atauliza jambo hili la gereji limefuata nini katika kurasa za wasomi. Jibu langu ni fupi. Jambo linalolisha watu, linaloweza kuwatia katika hatari ya kufa, na lililo na maneno yake maalumu katika lugha yetu, lina haki ya kufikiriwa na kuandikwa kama jambo lingine lolote. Maarifa ya fundi hayapungui uzito kwa sababu mikono yake ina mafuta.

Injini ya dizeli haina cheche ya kuwasha moto. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikawa moto sana, kisha mafuta hunyunyizwa humo yakawaka yenyewe. Aliyeibuni, Rudolf Diesel, alizaliwa Paris mwaka 1858 akafa mwaka 1913, na injini yake ya kwanza iliyofanya kazi vizuri ilijaribiwa Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Katika injini hizo za mwanzo mafuta yalipulizwa kwa hewa iliyobanwa na mtambo wa pekee, mtambo mzito usiofaa kupakiwa katika gari. Malori ya dizeli yalianza kuonekana Ujerumani mwaka 1924, na mwaka 1927 kampuni ya Robert Bosch ilianza kutengeneza kwa wingi pampu ya kunyunyiza mafuta. Pampu hiyo iliifanya dizeli iwe mnyama wa barabara. Lakini pampu kubwa ina tabia ya mfalme: hutenda makuu kwa kile kilicholetwa mbele yake, wala haiendi sokoni yenyewe. Hivyo ilibidi apatikane mtumishi wa kuyaleta mafuta, na huyo ndiye pampu ndogo.

Tofauti ya nguvu baina ya pampu hizo mbili ni ya kushangaza. Katika malori mengi ya zamani nozeli hufunguka mafuta yanapofikia msukumo wa ratili 2,500 hadi 3,600 kwa kila inchi ya mraba. Pampu ndogo yenye pistoni, katika injini za namna hiyo, husukuma kwa ratili 15 hadi 35 tu. Na ile yenye kiwambo, kama ngozi iliyowambwa juu ya ngoma, aghalabu husukuma kwa ratili 4 hadi 10. Kila injini ina kipimo chake katika kitabu chake, na fundi mwema hukifuata. Lakini hesabu hizi zatosha kuonyesha kuwa maelfu ya ratili hutegemea ratili ishirini. Ishirini zikikosekana, maelfu hayapo.

Namna pampu ndogo inavyofanya kazi ni jambo la kupendeza. Jino la mhimili wa injini huivuta pistoni au kiwambo upande mmoja, na kwa kufanya hivyo huibana springi. Jino likipita, springi hujinyoosha na kuyasukuma mafuta mbele. Kwa hiyo nguvu ya kusukuma si ya injini bali ya springi, na msukumo hauzidi nguvu ya springi hiyo hata injini ikimbie namna gani. Pampu kubwa ikiwa imeshiba, pistoni hungoja. Ikiwa na njaa, pistoni huenda mwendo wake wote. Springi iliyochoka, au vali iliyokwama kwa uchafu, hupunguza msukumo pasipo kelele wala moshi.

Sasa tuiangalie njia yenyewe. Msafiri atokaye Mto wa Mbu, karibu na Ziwa Manyara, huwa katika kimo cha karibu mita 1,000 juu ya bahari. Hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, akapita Rhotia, akafika Karatu penye yapata mita 1,500. Kutoka Karatu hupita katikati ya mashamba ya ngano, mahindi na kahawa mpaka lango la Lodoare. Hapo huingia msituni na kupanda kwa kona kali mpaka ukingo wa kasoko ya Ngorongoro, penye mita 2,300 na zaidi. Upande mmoja ni ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili ni bonde lenye miti mirefu. Ukungu huja bila kuaga, na nyati huvuka njia kama wenye nyumba yao. Kutoka juu ya ukingo jicho huona sakafu ya kasoko, mita 600 chini, yenye eneo la yapata kilomita za mraba 260. Watalii husimama hapo kupiga picha. Dereva wa lori hushukuru tu kwamba amefika.

Kimo hicho kinaihusu pampu ndogo kwa sababu ambayo wengi hawaifikiri. Twasema pampu huvuta mafuta, lakini kwa kweli pampu hufanya nafasi tupu tu, na hewa iliyo juu ya mafuta katika tangi ndiyo iyasukumayo kuijaza nafasi hiyo. Pwani hewa husukuma kwa ratili 14.7 kwa kila inchi ya mraba. Karatu husukuma kwa ratili 12.3 hivi, na ukingoni mwa Ngorongoro kwa ratili 11 na kidogo. Robo ya msaada imekwisha kupotea. Tena lori linapopanda, pua yake huwa juu na tangi lake, lililo nyuma ya injini, huwa chini. Mafuta yana kisima kirefu zaidi cha kupanda. Na saa iyo hiyo ndiyo injini inayohitaji mafuta mengi kupita saa nyingine zote. Pampu nzima huyamudu hayo yote. Pampu yenye kasoro ndogo, iliyofichika tambarare, hufedheheka mlimani.

Nayo njia hii si ya watalii peke yao. Hifadhi ya Ngorongoro ilipotengwa na Serengeti mwaka 1959, ilikusudiwa kuwa mahali ambapo watu na mifugo yao wangekaa pamoja na wanyama wa mwitu. Kilimo kilikatazwa humo mwaka 1975, kikaruhusiwa tena mwaka 1992, na marufuku ikarudi mwaka 2009. Tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni, katika mpango wa serikali uliozua mjadala mkubwa. Lakini waliobaki hawana shamba la kuvunia. Mtu asiyelima lazima anunue, na anunuacho lazima kibebwe. Mahindi ya Endulen hutoka nje ya hifadhi na kupanda kona zile kwa lori. Vivyo hivyo vitunguu vya Mang'ola, vinavyomwagiliwa kwa maji ya chemchemi karibu na Ziwa Eyasi, hupanda mpaka Karatu kabla ya kuyaona masoko ya mbali. Lori likizimika, bei ya debe la mahindi hupanda mahali ambapo lori lilishindwa kupanda.

Mwaka 2017 nilikaa Karatu kwa miezi miwili nikikusanya maneno ya kazi za mikono, na sehemu kubwa ya siku zangu niliipitisha katika gereji moja ndogo. Mwenye gereji alikuwa mzee wa Kiiraqw aliyepita miaka sitini, mpole wa maneno, mkali wa macho. Hakuwa na mitambo mingi. Alikuwa na spana zake, geji mbili za kupimia msukumo, mipira ya plastiki inayoonyesha kilicho ndani, na daftari lililochakaa ambalo ndani yake aliandika vipimo vya kila lori lililopita mikononi mwake. Daftari hilo ndilo lililonifanya nimheshimu kwanza. Wengi hukumbuka, yeye aliandika.

Siku moja aliletewa lori la mama mmoja mfanyabiashara wa nafaka. Ugonjwa wake ulikuwa huu: tambarare lilikwenda vizuri, bila mzigo lilipanda vizuri, lakini likipakiwa tani kumi na kupita lango la Lodoare, nguvu ziliisha katika kona ya tatu au ya nne, kisha injini ikazimika. Gereji moja ya mjini ilikwisha kuhukumu kuwa pampu kubwa imechakaa, ikaifungua na kuifunga tena kwa gharama ya ng'ombe wanne. Lori lilirudi na ugonjwa ule ule. Mafundi hao sasa walidai pampu mpya, kwa thamani ya ng'ombe wanane. Mama yule alisema mbele yangu, pasipo kulia, kwamba ng'ombe wanane ndio waliobaki zizini, na kwamba karo za watoto wawili zilikuwa katika hesabu hiyo.

Wala hasara haikuwa ya fedha tu. Lori linapozimika katikati ya mlima usukani huwa mzito, kwa kuwa nguvu ya kuusaidia hutoka kwa injini. Mtambo unaojaza hewa ya breki nao husimama, na dereva hubaki na hewa iliyokwisha kuwekwa akiba. Hapo utingo huruka chini na kabari ya mti na kuisukuma nyuma ya gurudumu kabla tani kumi za mahindi hazijaanza kurudi zilikotoka. Kijana aliyeshika kazi hiyo katika lori lile alikuwa na miaka kumi na tisa. Mara mbili alikuwa ameliwahi gurudumu. Dereva alimwambia mzee, “Fundi, huyu mdogo wangu ataliwahi mara ya tatu, lakini ya nne sijui.”

Mzee hakuigusa pampu kubwa. Aliuliza kwanza juu ya moshi. “Likifa kule juu, hutoa moshi gani?” Dereva akajibu, “Hakuna moshi, mzee. Huishiwa tu, kama mtu aliyefunga.” Jibu hilo, aliniambia baadaye, lilikuwa nusu ya dawa. Injini inayokosa hewa ya kuunguza mafuta hutoa moshi mweusi, nalo ni jambo la kawaida mahali pa juu. Injini inayokosa mafuta haina cha kuunguza, basi haina cha kutoa.

Akafunga geji baada ya chujio, mahali mafuta yanapoingia katika pampu kubwa, na mpira wake akaupitisha dirishani mpaka mbele ya dereva. Injini ikawashwa. Geji ikasoma ratili 22, kama kitabu kilivyoagiza. Hapo ndipo wapimaji wengi hutosheka, na bila shaka hapo ndipo pampu ndogo ilipoachiliwa huru kule mjini na pampu kubwa ikatiwa hatiani. Mzee alitikisa kichwa. “Mwalimu,” aliniambia, “mtu akikulalamikia kuwa pumzi humwishia mlimani, utampima akiwa amekaa kitini? Pakieni mahindi.”

Tukapanda wanne. Barabara ya Karatu geji ilisoma 20. Katika mwinuko wa kulikaribia lango ilisoma 16. Baada ya lango, kona ya kwanza, 12. Kona ya pili, 9. Na mshale ukaanza kutetemeka kama jani. Ilipofika 5 injini ilianza kupanda na kushuka sauti, na mzee akamwamuru dereva aegeshe mahali papana kabla ya kuzimika, utingo akaweka kabari. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Hesabu zile zilikuwa zimesema kabla yetu: pampu kubwa ilikuwa na njaa.

Lakini njaa ina sababu nyingi, na hapa ndipo niliposhuhudia utaratibu ambao ningetamani kila mwanafunzi wa elimu yoyote auone. Mzee aliwaita washitakiwa mmoja mmoja. Kwanza chujio: alihamisha geji akaiweka kabla ya chujio. Kama chujio lingekuwa limeziba, msukumo ungekuwa mkubwa kabla yake na mdogo baada yake. Ulikuwa mdogo pande zote mbili, chujio likaachiliwa. Pili tundu la kupumulia la tangi: likizibwa na vumbi, hewa haiingii kushika nafasi ya mafuta yanayotoka, na tangi hujinyonga lenyewe, mfuniko ukifunguliwa husikika mlio wa hewa ikikimbilia ndani. Alifungua mfuniko akiwa ametega sikio. Kimya. Tundu likaachiliwa. Tatu vali ya kurudishia mafuta: springi yake ikilegea, mafuta hukimbilia tangini badala ya kusimama na kungoja kazi. Aliikagua, ikawa nzima. Nne, akaunga kipande cha mpira wa plastiki katika bomba liingialo pampu ndogo, injini ikaungurumishwa. Ndani ya mpira ule tuliona mapovu yakipita mfululizo kama shanga katika uzi.

Mapovu yalitaja jina la mwizi lakini hayakutaja nyumba yake. Mzee akachukua dumu la lita 20 lenye dizeli safi, akalipandisha utingo juu ya kabini, akateremsha mpira kutoka dumu hilo moja kwa moja mpaka pampu ndogo, tangi likawa limetengwa kabisa. Hewa ikatolewa, injini ikawashwa, na dereva akapanda kona mbili, polepole, dumu limefungwa kwa kamba juu ya kichwa chake. Geji ilisimama penye 21 wala haikushuka. Basi pampu kubwa ilikuwa nzima, na pampu ndogo ilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa katika njia baina ya tangi na pampu ndogo, na njia hiyo haikuzidi urefu wa mita tatu.

Aliingia chini ya lori na tochi. Palipokuwa na mpira unaopita juu ya chuma cha fremu, mpira ulikuwa umesuguliwa mpaka ukapata ufa mwembamba usioonekana ila ukikunjwa. Hapakuwa na tone. Palikuwa na doa la vumbi lenye unyevu, upana wake kama sarafu, basi. Aliukata mpira, akaweka mpya, akaubana kwa vibano viwili, akaufunga mbali na chuma. Kisha akapiga pampu ya mkono, skrubu ya kutolea hewa ikiwa imelegezwa, povu likatoka jeupe, likawa matone, likawa mafuta matupu, akakaza skrubu. Gharama yote ya vifaa haikuifikia bei ya jogoo. Lori lilifika Endulen siku ile ile na mahindi yake, na ng'ombe wanane walilala zizini kwao.

Nimelifikiri sana lile doa la vumbi. Upande wa mbele wa pampu ndogo mafuta husukumwa, basi penye tundu hutoka nje. Jicho huona, pua husikia harufu, na mtu hurekebisha. Upande wa nyuma mafuta huvutwa, basi penye tundu hakitoki kitu. Hewa ndiyo iingiayo. Tundu la namna hiyo halichafui sakafu wala halipunguzi mafuta. Mwenye lori huapa kuwa hana uvujaji, na kiapo chake ni kweli. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, nao hawakuwahi kuliona lori.

Hapa lugha ina neno la kutufundisha. Kamusi zetu zina kuvuja, nako ni kutoka kwa kitu kilichotakiwa kukaa ndani. Kwa tundu linaloingiza kisichotakiwa, mafundi wa Karatu husema, “Inavuta upepo.” Ni maneno mawili, ni sahihi, na yanabeba fizikia yote niliyoieleza kwa aya nzima. Wataalamu wa istilahi wametupa neno kanieneo kwa msukumo juu ya eneo. Gereji husema presha, na kitabu cha daktari husema shinikizo. Sioni sababu ya kuyafukuza maneno yoyote kati ya hayo, ila ningependa mwenye kuandika kamusi aketi kwanza gerejini. Tena tukumbuke kuwa maneno ya mafuta hayakai kwenye mafuta. Wakati wafanyabiashara walipochanganya mafuta ya taa na dizeli kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, kitendo hicho kiliitwa kuchakachua, na mwaka 2010, mwaka wa uchaguzi mkuu, neno hilo lilikwisha kuhamia katika mazungumzo ya kura.

Uchakachuaji wenyewe ulikuwa adui mkubwa wa pampu. Dizeli hulainisha vyuma inavyovipitia, na pampu kubwa za namna ya mzunguko hazina ulainishi mwingine. Mafuta ya taa ni membamba, hupenya kwenye nafasi za vali na kuviacha vyuma vikisuguana. Mwaka 2010 serikali ilianza kuweka vinasaba katika mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili faida ya udanganyifu iondoke. Pampu ndogo hazikutoa shukrani kwa maneno, lakini mafundi waliozifungua kabla na baada ya hapo waliona tofauti.

Kuuchunga msukumo si kazi ya miujiza. Mzee yule aliifuata kwa kanuni chache, nami naziandika kama nilivyozikuta katika daftari lake. Maji yaliyotuama chini ya chujio humwagwa kabla ya safari, hasa mafuta yakiwa yamenunuliwa kwa mapipa au madumu. Chujio hubadilishwa kwa hesabu ya kilomita. Mtu asingoje mpaka lori lilalamike. Tundu la kupumulia la tangi husafishwa kila baada ya safari ya vumbi. Washa za shaba hazifungwi mara mbili. Mpira wa upande wa kuvuta hukunjwa kwa mkono na kutazamwa, kwa kuwa kasoro yake haijitangazi. Kijiti cha kupimia mafuta ya injini hunuswa: mafuta yakizidi badala ya kupungua, na yakinuka dizeli, kiwambo cha pampu ndogo kimepasuka na dizeli inaingia ndani ya injini. Niliona trekta moja la shamba la ngano likiokolewa kwa pua ya mzee, siku chache kabla dizeli haijaziosha metali zake ulainishi. Na kanuni ya mwisho, iliyopigwa mistari miwili chini: msukumo hupimwa mara mbili, mara moja limesimama, mara moja linapanda na mzigo, na hesabu zote mbili huandikwa pamoja na tarehe.

Malori mapya yanayopita Karatu leo yana mitambo mingine. Mafuta hukusanywa katika bomba moja la pamoja na kubanwa mpaka ratili 23,000 na zaidi, na kompyuta huamua kila silinda ipate kiasi gani na lini. Kwa baadhi yake pampu ndogo ni ya umeme, nayo hukaa ndani ya tangi. Mtu angedhani habari za mpira uliopasuka zimekwisha kuwa hadithi. Sivyo. Kadiri pampu kubwa ilivyozidi kuwa na nguvu, ndivyo ilivyozidi kuwa na nafasi nyembamba kati ya vyuma vyake, na ndivyo inavyoumia upesi zaidi ikikosa mafuta au ikilishwa mapovu. Hata magari mengi ya watalii yaliyo na injini za zamani za dizeli, ambayo hayana pampu ndogo ya pekee kwa kuwa pampu kubwa hujivutia yenyewe, huugua ugonjwa ule ule kwa tundu lile lile. Kompyuta huweza kusema kuwa msukumo ni mdogo. Haiwezi kuingia chini ya gari na tochi.

Mimi si fundi, nami sina lori. Lakini tangu nilipokaa Karatu nimeona kuwa hukumu nyingi katika maisha ya watu hutolewa kama ile ya kwanza, yaani kwa kumpima mtumishi akiwa amepumzika na kumlaumu bwana wake akishindwa kazini. Shule hupimwa kwa majengo yake siku ya wageni. Daraja hupimwa wakati wa kiangazi. Gharama za vipimo hivyo hulipwa na mtu asiyekuwapo wakati wa kupima, kama mama yule na ng'ombe wake, au kijana yule na kabari yake. Elimu ya kuwaokoa ilikuwapo, kwa Kiswahili, katika daftari moja lililochakaa, lakini haikuwa imefika mjini. Ningependa daftari za namna hiyo zikusanywe, zisahihishwe na zichapishwe, zisomwe katika vyuo vya ufundi na katika vyuo vikuu pia. Mpaka hapo, dereva apandaye kutoka Lodoare na mzigo na atie geji mbele ya macho yake, na aisome kwenye kona ya tatu.